Mti Hauwezi Kugeuka Mamba: Je, Mwizi Anaweza Kugeuka?

 Leo naandika juu ya methali moja niliyoitoa hapa Bukama mbele ya watu, watu wakapiga makofi, na tangu siku ile sijatulia.

Wengine wenu mnajua jambo lenyewe. Mwaka 2021 kijana aliyekuwa akitunza sanduku la likelemba yetu alikula faranga 640,000. Hakuvunjiwa nyumba wala hakuibiwa njiani. Alizicheza kwenye kamari za mpira, kidogo kidogo, akitumaini kurudisha kabla hatujahesabu. Tulipohesabu, alikuwa ameshapanda treni kwenda kuchimba kobalti Kolwezi. Mwaka huu akarudi. Alikuja mkutanoni na nusu ya deni mkononi, akaomba tumpokee tena.

Huyu kijana ni mtoto wa baba yangu mdogo. Mimi ananiita yaya. Kwa hiyo alipomaliza kusema, macho ya watu wote yakanigeukia. Niliogopa wataniona napendelea damu yangu. Nikasimama nikasema: "Mti hata ukikaa miaka mingapi ndani ya mayi, hauwezi kugeuka mamba." Watu wakacheka, wakapiga makofi, neno likaisha. Yeye akaweka faranga mezani, akasema, "Aksanti, yaya," akatoka.

Nyumbani nilimkuta mama anapanga samaki kwenye kitunga. Habari zilikuwa zimenitangulia, kama kawaida ya Bukama. Hakunikaripia. Aliniuliza tu: "Ule mutoto wa baba yako mudogo, ulisema yeye ni muti ao ni mamba?"

Nilikosa jibu. Na nilipoanza kulitafuta, nikaona kwamba swali la mama ndilo swali lenyewe: asili ya mtu ni nini, na je, inaweza kubadilika kweli?

Kosa la kwanza: kugeuza kitendo kuwa jina

Tuanze na methali. Mti na mamba ni aina mbili za vitu. Mti hauna mapafu, hautagi mayai, hauwindi. Hata ukae kwenye Lualaba miaka mia, utaoza tu. Hapo methali haina kosa. Lakini "mwizi" si aina ya kiumbe. Hakuna mtoto anayezaliwa mwizi kama mamba anavyozaliwa mamba.

Angalieni lugha yetu inavyofanya kazi. Tunasema "aliiba". Hicho ni kitenzi, kina wakati wake: kilianza, kikaisha. Kesho yake tunasema "ni mwizi". Kitenzi kimekuwa jina, na jina halina wakati. Aliyelewa Jumamosi anakuwa mlevi. Aliyedanganya mara mbili anakuwa mwongo. Mtu akishapewa jina, hata akikaa kimya tunasema anatafuta nafasi. Akifanya vema tunasema anajifanya. Jina linakula ushahidi wote.

Na msidhani ni mchezo wa maneno. Hapa Katanga tunajua lilikotufikisha. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengine waliozaliwa hapa, wengine ambao hata babu zao walikuwa wamefanya kazi kwenye migodi na reli hii, waliitwa "bilulu", yaani wadudu. Maelfu kwa maelfu walifukuzwa, wakalala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Njia ya reli ya kwenda Kasai inapita hapahapa Bukama, halafu Kamina. Wazee wetu waliona yale mabehewa. Hoja iliyotumika ilikuwa ileile ya mti na mamba: hata ukae hapa miaka mingapi, asili yako ni ya kule. Watu walikufa kwa hoja hiyo. Mimi niliitoa mkutanoni kama utani.

Tunachozaliwa nacho

Lakini nisiwadanganye kwamba mtu anazaliwa karatasi nyeupe. Kila mama mwenye watoto zaidi ya mmoja anajua: huyu alitoka tumboni anapiga kelele, yule alitoka anaangalia tu. Wataalamu wamelipima jambo hili kwa kulinganisha mapacha wa yai moja na mapacha wa kawaida. Mwaka 2015 jarida la Nature Genetics lilitoa muhtasari wa tafiti za mapacha za miaka 50, zenye jozi zaidi ya milioni 14. Ukichukua sifa zote zilizopimwa pamoja, za mwili na za tabia, karibu nusu ya tofauti kati ya watu, wastani wa 49%, inaelezwa na urithi wa damu.

Nusu si kidogo. Mwenye hasira za haraka huenda akabaki na damu ya moto hadi uzeeni. Mwenye aibu huenda asipende jukwaa hata siku moja. Yule ndugu yangu, tangu utoto, alipenda kubahatisha. Tukicheza na vizibo vya chupa, yeye aliweka vyote mara moja. Sitashangaa akiwa hivyo akiwa na mvi.

Lakini karibu nusu si yote. Huko Uskoti, mwaka 1950 walimu walipima tabia za watoto 1,208 wa miaka 14: kujiamini, kuvumilia, kutulia moyo, kuwa makini na kazi na kadhalika. Zaidi ya miaka 60 baadaye, watafiti waliwapata baadhi yao, 174 wakakubali kupimwa tena wakiwa na miaka 77. Matokeo yalitoka 2016: ukijua mtoto alivyokuwa kwenye miaka 14, hukuweza kubashiri kwa uhakika mzee atakavyokuwa kwenye 77. Na mwaka 2006 Brent Roberts wa Marekani pamoja na wenzake walikusanya tafiti 92 zilizofuatilia watu kwa miaka mingi, wakaona kwamba watu kwa wastani huwa makini zaidi na watulivu zaidi kadiri wanavyokomaa, na mabadiliko makubwa hutokea kati ya miaka 20 na 40. Yaani umri wetu sisi tunaosoma ukurasa huu. Tuko katikati ya kugeuka, na tunahukumiana kama vile tumeshakauka.

Mto wetu unavyofundisha

Mimi huwa nalieleza hivi kwa wanafunzi wangu. Asili ya maji ni kushuka. Hakuna sala wala hotuba itakayofanya Lualaba ipande mlima. Lakini angalieni safari yake. Kule juu, upande wa Nzilo, inapita kwenye mawe na korongo. Maji yanapiga kelele, na ukiweka mtumbwi pale unapotea. Wakajenga bwawa miaka ya 1950, na nguvu ileile ya kushuka ikawa umeme wa migodi. Yakifika kwetu Bukama, bonde linafunguka, maji yanatulia, na ndiyo maana hapa ndipo reli iliyofika mwaka 1918 ilikutana na meli zilizoshuka kuelekea Kongolo. Baadaye maji hayohayo yanaingia kwenye mabwawa ya Upemba na kulisha samaki.

Maji hayakubadilika hata mara moja. Yalishuka tu, mwanzo hadi mwisho. Kilichobadilika ni bonde. Basi, nikisema "asili" namaanisha yale maji. Nikisema "tabia" namaanisha njia ambayo maji yamezoea kupita. Wazee waliosema "tabia ni ngozi" walikuwa sahihi kwamba haivuliwi kama shati. Lakini wazee haohao walisema "mazoea hujenga tabia". Kilichojengwa kinaweza kujengwa upya, ijapokuwa kwa jasho.

Ile damu ya kubahatisha ya ndugu yangu, ikipita kwenye simu yenye kamari na sanduku lenye ufunguo mmoja, inatoa wizi. Damu hiyohiyo, ikipita kwenye shughuli ya kununua samaki Kikondja na kwenda kuwauza Kamina, inaweza kutoa mfanyabiashara asiyeogopa.

Ubaya wa kuamini haraka

Hapa kuna wenzetu watakaosema: haya ni maneno mazuri ya shule, lakini sisi tumeshaumwa. Wana haki. Ngoja nichukue mfano mgumu kuliko wote tulio nao katika nchi hii ya Katanga.

Gédéon Kyungu Mutanga aliongoza Mai-Mai katika ile sehemu ya Manono, Mitwaba na Pweto iliyoitwa "pembetatu ya kifo", ng'ambo tu ya Mbuga ya Upemba. Vijiji viliteketezwa, watu kwa maelfu wakakimbia. Mwezi wa 5 mwaka 2006 alijisalimisha Mitwaba. Mwaka 2009 mahakama ya kijeshi ya Kipushi ilimhukumu kifo kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Mwaka 2011 watu wenye silaha walivamia gereza la Kasapa, Lubumbashi, akatoroka pamoja na mamia ya wafungwa. Oktoba 2016 akatoka porini tena na wapiganaji wake, na safari hii alipokelewa na wakuu wa serikali kwa sherehe. Akawekwa kwenye nyumba Lubumbashi. Machi 2020 akatoweka tena, na mwezi huohuo wafuasi wake wakaingia Lubumbashi na silaha, watu wakafa.

Ukisoma orodha ile unasema: mnaona? Mamba ni mamba. Hata mimi nilisema hivyo. Lakini nilipoiangalia tena, niliona jambo lingine. Katika miaka ile yote, ni lini mtu huyu aliwekwa mahali ambapo waliochomewa nyumba wangeweza kumwuliza kila wiki: umefanya nini, unalipa nini, nani anakusimamia? Hukumu ilitolewa, gereza likavunjwa. Kisha zikaja ngoma na makofi. Tuliombwa tuamini kwamba kuweka bunduki chini siku moja ni sawa na kubadilika. Kama moyo wake ungeweza kubadilika au la, hilo Mungu anajua. Tunachokijua sisi ni kwamba bonde lake halikubadilishwa.

Kwa hiyo kuna makosa mawili, na yote yanaua. Moja ni kusema hakuna anayebadilika. La pili ni kumpokea kila anayesema amebadilika.

Aliyebadilika kwa kuulizwa

Sasa mfano wa upande wa pili. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933, akafanya kazi kati ya Baluba wa Katanga. Wanafunzi wa falsafa mnakijua kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, kilichotoka mwaka 1945 Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Alisema kwamba kwa Muluba, kuwa ni nguvu, na nguvu ya mtu huongezeka au hupungua kufuatana na uhusiano wake na wazazi, wafu, watoto na jirani. Kitabu kimepigwa sana, na kwa haki. Aimé Césaire aliuliza mwaka 1950 itawafaa nini Wabantu kusifiwa roho zao huku jasho lao linanyonywa. Fabien Eboussi Boulaga na Paulin Hountondji walikataa kwamba mamilioni ya watu wana wazo moja tu.

Mimi sikibebi kitabu kizima. Nachukua mambo mawili. La kwanza: hata kama si Baluba wote waliosema hivyo, wazo lenyewe lina maana. Kama utu wangu unakua au unanyauka ndani ya uhusiano, basi swali "je, fulani amebadilika?" haliwezi kujibiwa kwa kumpasua kifua chake peke yake. Lazima uangalie amefungwa na nani.

La pili ni maisha ya Tempels mwenyewe. Yeye alieleza baadaye kwamba miaka yake ya kwanza, kama kumi hivi, alikuwa bwana: mwenye kuamuru, mwenye kujua, aliyekuja kuwapa wengine. Kisha akaanza kukaa na watu, kuwauliza wanataka nini, nao wakamwuliza yeye. Akageuka. Katika miaka ya 1950, upande wa Kolwezi, ikazaliwa Jamaa, ambamo padri, mume na mke walikaa pamoja na kufunguliana mioyo. Wakubwa wa kanisa hawakupenda yote. Lakini mnaona: mtu aliyekuwa na mamlaka yote alikubali kuulizwa na waliokuwa chini yake, na hapo ndipo alipobadilika.

Tunapimaje?

Nia peke yake haitoshi, na hili nalo limepimwa. Mwaka 2019 Nathan Hudson na wenzake walitoa utafiti juu ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani waliotaka kubadilisha tabia zao. Kila wiki kwa wiki 15 walichagua kazi ndogondogo: msalimie mtu usiyemjua, andaa nguo zako usiku. Waliozitimiza walibadilika kidogo kidogo. Kukubali kazi bila kuitimiza hakukusaidia.

Kwa hiyo mtu akija na kusema "nimebadilika", mimi sasa najiuliza mambo matatu. Je, kuna vitendo vidogo vinavyorudiwa, au kuna kiapo tu? Je, mazingira yaliyomwangusha yamebadilishwa? Je, kuna mtu mwenye haki ya kumwuliza, na yeye amekubali kuulizwa? Kama yote matatu hayapo, usitoe ufunguo. Kama yapo, usimnyime mlango.

Niliporudi kwenye mkutano uliofuata, nilisimama nikaomba methali yangu ifutwe kwenye daftari. Kisha nikapendekeza: ndugu huyu asishike faranga hata moja, lakini aandike daftari, watu wawili wakihesabu mbele yake. Faranga 320,000 zilizobaki azilipe 32,000 kila mwezi kwa miezi kumi. Na sanduku liwe na kufuli tatu kwa watu watatu, kwa sababu mwaka 2021 sisi wote tulimwachia kijana wa miaka 23 ufunguo mmoja na faranga za watu 20, tukaita hiyo "uaminifu". Ule haukuwa uaminifu, ulikuwa uvivu wetu. Tulipiga kura. Tulishinda 11 kwa 8, na wale 8 siwalaumu.

Miezi minne imepita. Ametoa mara nne, mara moja alichelewa wiki nzima, akaja mwenyewe kusema kabla hatujamwuliza. Simu yake sasa ni ile ya vibonyezo tu. Sijui mwezi wa kumi utakuwaje.

Lakini Jumapili iliyopita tulihesabu, zikapungua faranga 5,000. Chumba kikanyamaza, na macho yote yakamgeukia yeye. Yangu pia. Yeye akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye majina, akasimama kwenye mstari mmoja, akasema polepole: "Yaya, ni weye haujalipa bado."

Ilikuwa kweli. Nililipa pale pale. Halafu nikaelewa kwa nini mama hakunipa jibu la swali lake. Tabia iliyokuwa inangoja kubadilika haikuwa ya kijana peke yake. Ilikuwa na hii ya kwetu, ya kumgeukia mtu kabla ya kufungua daftari.